Kodi, Bendera na Sadaka: Ukristo Ulivyofika Lamu Mara Mbili

Watu wa visiwa vya Lamu waliuona msalaba kwanza kwenye matanga ya meli za vita. Msafara wa Tristão da Cunha uliondoka Lisbon mwaka 1506, ukaizunguka Afrika na kuingia pwani yetu ukiwa na mizinga. Mji wa Oja, karibu na mdomo wa mto Tana, uliteketezwa. Mfalme wa Lamu hakungoja mji wake uchomwe. Alikubali kulipa mithkali 600 za dhahabu kila mwaka, naye akaachwa na kiti chake. Barawa iliyokataa kulipa iliporwa, kisha ikatiwa moto.

Tangu siku hizo, kwa karibu miaka 200, neno la Kristo na dai la kodi vilikuja visiwani katika chombo kimoja. Mdai wa kodi alikuwa nahodha wa mfalme Mkristo, na padri alishuka ufukoni nyuma yake. Mtu wa Lamu, wa Pate au wa Siyu angewezaje kuwatenganisha?

Kisa hiki kina sehemu ya pili, iliyoanza mwaka 1887 kwa watu waliokuja bila mizinga wala fedha za serikali, wakiishi kwa sadaka ambayo hakuna aliyelazimishwa kuitoa. Nazisimulia zote mbili kwa sababu zinajibu swali linalowasumbua Wakristo hadi leo, kila kikapu cha sadaka kinapopita kwenye viti: mtu hutoa kwa sababu anadaiwa, au kwa sababu amepewa?

Minazi ya Faza

Kodi ya kulazimishwa hulipwa mpaka siku mlipaji anapopata wa kumwokoa. Mwaka 1585 nahodha wa Kituruki, Mir Ali Bey, alifika pwani, na miji mingi ya kaskazini ikamfungulia milango. Hakuwa na jeshi kubwa. Alikuwa na watu waliochoka kutozwa.

Kisasi cha Wareno kilikuwa kikali. Januari 1587 kikosi chini ya Martim Afonso de Melo kiliushambulia mji wa Faza, kisiwani Pate. Mfalme wake aliuawa pamoja na watu wengi wa mji, na taarifa za Wareno wenyewe zinasema minazi 10,000 ilikatwa. Aliyezaliwa pwani anaelewa maana yake. Mnazi humkalisha mkulima miaka kadhaa kabla ya kumpa dafu la kwanza, na ukisimama hulisha vizazi. Kuukata ni kuwanyang'anya wajukuu chakula.

Ali Bey aliporudi na kushindwa Mombasa mwaka 1589, Tomé de Sousa Coutinho alipanda tena kaskazini. Mfalme wa Lamu, aliyelaumiwa kwa kumtia nahodha wa Kireno mikononi mwa Waturuki, alikatwa kichwa hadharani huko Pate. Kuta za Siyu zilibomolewa. Mji wa Manda uliharibiwa, na minazi yake nayo ikaangushwa.

Mapadri wa Shirika la Mtakatifu Augustino walikuja Mombasa mwaka 1597 na baadaye wakafanya kazi katika kisiwa cha Pate pia. Wapo kati yao waliokuwa watu wa sala na huruma, na si haki kuwahesabu wote pamoja na wapiga mizinga. Lakini walikaa chini ya kivuli cha ngome. Ngome ya Yesu ya Mombasa ilipoangukia mikononi mwa Waomani mwaka 1698, hakuna jumuiya ya Kikristo ya wenyeji iliyosalia visiwani. Katika karibu miaka 200 mfalme wa Ureno alipokea kodi nyingi kutoka miji hii, na Kanisa halikupata mzizi hata mmoja.

Nadhiri ya mgonjwa

Sehemu ya pili inaanzia mbali na bahari, katika kijiji cha Neukirchen karibu na mji wa Moers, magharibi mwa Ujerumani. Mchungaji wa hapo, Ludwig Doll, aliyezaliwa mwaka 1846, aliugua sana angali kijana. Akiwa mgonjwa aliweka nadhiri: Mungu akimponya, atafungua nyumba ya mayatima. Alipona, na mwaka 1878 nyumba ikafunguliwa.

Nadhiri ya namna hii ina hatari yake, kwa kuwa inaweza kufanana na biashara ya nipe nikupe. Ila kwa Doll uponyaji haukuwa bidhaa aliyokwisha kuilipia kwa nyumba moja. Mwaka 1882 aliongeza chuo cha kuwafundisha wamisionari, kwa ajili ya watu asiowajua katika nchi ambazo hangeziona. Mwaka uliofuata alifariki, hajafika hata miaka 40. Alijua maisha yake ni ya kupewa, na alichopewa hakukizuia mkononi.

Namna ya kuitunza kazi hiyo aliichukua kwa George Müller. Müller alizaliwa Prussia mwaka 1805, na katika ujana wake aliiba fedha, hata za baba yake. Baada ya kuokoka alikwenda Uingereza, na kuanzia mwaka 1836 akafungua nyumba za mayatima mjini Bristol zilizowalea watoto zaidi ya 10,000 katika maisha yake. Kanuni zake zilikuwa wazi: kutomwomba mwanadamu fedha, kutokopa, kumweleza Mungu mahitaji kwa sala, na kuandika hesabu ya kila kilichopokelewa ili watu waisome. Kwamba mwizi wa zamani aliaminiwa na maelfu ya watu watunze sadaka zao, hilo peke yake ni ushuhuda wa neema.

Neukirchen ilizifuata kanuni hizo. Mmisionari wake hakuahidiwa mshahara. Kilichotumwa na waumini ndicho kilichogawanywa, kikiwa kingi au kidogo. Waliotuma hawakuwa mabwana wakubwa bali watu wa makanisa ya eneo la mto Rhine na kwingineko, ambao hakuna aliyewapangia kiwango wala kuwagongea mlango. Mithkali 600 za Lamu zilikuwa na tarehe ya kulipwa na adhabu ya kuchelewa. Sadaka hizi hazikuwa na tarehe wala adhabu.

Kupitia Lamu kwenda Ngao

Aprili 1885 ndugu wawili Wajerumani, Clemens na Gustav Denhardt, walifanya mkataba na Sultani Ahmed wa Witu, maarufu kama Simba, mzao wa Wanabahani waliowahi kuitawala Pate. Mwezi uliofuata Ujerumani ikatangaza ulinzi juu ya Witu. Ramani ya Afrika Mashariki ilikuwa ikikatwa vipande, na Lamu ikawa mlango wa kipande hicho.

Mwaka 1887 wamisionari wa Neukirchen, miongoni mwao Ferdinand Würtz, waliingia kwa mlango huo. Ukweli lazima usemwe: njia ilikwisha kupasuliwa na siasa za wakoloni, na maandishi yao kuhusu watu wa pwani na wa mtoni yana dharau za zama zao. Neema haikuwafanya malaika.

Lamu waliyoikuta ilikuwa na elimu yake, na ilijua kutoa. Kulikuwa na misikiti, visima na mashamba ya wakfu, mali ambazo wenyewe walijivua mbele ya Mungu ili maskini na wanafunzi wafaidike. Katika miaka hiyo hiyo Habib Swaleh, aliyetoka Ngazija, alikuwa akiwafundisha hata watu wa tabaka la chini ambao wengi hawakutaka kuketi nao darasani. Kazi yake ndiyo iliyozaa msikiti na chuo cha Riyadha, na sherehe ya Maulidi ambapo hadi leo wageni hulishwa kwa michango. Msemo wa kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, ulikuwa ukisemwa katika mitaa ya Mkomani na Langoni kabla Mjerumani hajatia mguu gatini. Mkristo aliyekuja kusema habari za kutoa alikuta wenyeji wanaolielewa jambo hilo vizuri, na baadhi yao wangeweza kumfundisha.

Kutoka Lamu safari ilikwenda kwa jahazi hadi Kipini, ikapanda mto Ozi hadi Kau, ikapita mfereji wa Belezoni uliochimbwa kwa mikono, na kutokea Tana. Huko waliishi Wapokomo, wakulima wa mpunga, mahindi na ndizi, ambao maisha yao yote hufuata kujaa na kupungua kwa mto. Wamethodisti kutoka Uingereza walikuwa wametangulia Golbanti. Mwezi Mei 1886 John Houghton na mkewe Annie waliuawa hapo katika shambulio la Wamaasai. Mwaka mmoja tu baada ya mauaji hayo, watu wa Neukirchen waliweka kituo chao Ngao, mwendo mfupi kutoka mahali walipouawa John na Annie.

Historia nyingi za misheni huishia kuwasifu waliokuja. Lakini tazama ni nani waliotoa kwanza Ngao. Mgeni asiyejua mto hafiki popote bila mtumbwi na mpiga kasia. Hali bila mwenyeji kumgawia mchele, na halali bila kuonyeshwa mahali pa kujenga. Würtz alichapisha maelezo ya sarufi ya Kipokomo mwaka 1889, miaka miwili tu baada ya kufika, kisha msamiati na sarufi kamili katikati ya miaka ya 1890. Kila neno katika kazi hizo lilitoka kinywani mwa Mpokomo aliyeketi naye, akarudia, akasahihisha, akarudia tena. Majina yao hayamo kwenye majalada. Walimpa mgeni lugha yao bila bei, na kutokana na zawadi hiyo Injili, na mwanzoni mwa karne ya 20 Agano Jipya, vikasomwa kwa Kipokomo. Wamisionari walidhani wamekuja kugawa, na tangu siku ya kwanza wakawa wanapokea.

Bendera inashuka

Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilitia sahihi mkataba mjini Berlin. Ujerumani ilipata kisiwa cha Heligoland katika Bahari ya Kaskazini, na miongoni mwa vitu ilivyoachia ilikuwa Witu. Watu wa Witu hawakuulizwa. Septemba mwaka huo Mjerumani Andreas Küntzel na wenzake waliuawa huko baada ya ugomvi, na Oktoba jeshi la majini la Uingereza chini ya Admirali Fremantle liliuchoma mji. Posta ya Wajerumani iliyofunguliwa Lamu Novemba 1888 ilifungwa Machi 1891, baada ya miaka miwili na miezi michache.

Hapo ndipo kazi ya Ngao ilipimwa. Bendera iliyowafungulia mlango ilikuwa imeshuka, na makampuni na maofisa wa nchi yao walikuwa wakifunga mizigo. Kama wangekuwa matawi ya dola, wangeondoka na dola yao, kama mapadri wa Pate walivyotoweka pamoja na ngome. Lakini serikali haikuwa ndiyo iliyowalisha. Waliendelea kulishwa na watu wale wale waliowatuma, ambao hawakuwa wakitoa ili Ujerumani ipate koloni. Kituo cha Ngao kilibaki, na katika mji wa Lamu misheni iliendelea kuwa na makazi, ingawa Waislamu waliobatizwa visiwani walikuwa wachache mno. Matunda yalionekana mtoni. Mtaalamu wa lugha Alice Werner, aliyesafiri Lamu na Tana kati ya mwaka 1911 na 1913, alikuta huko wamisionari na Wapokomo wanaosoma na kuandika lugha yao wenyewe.

Kipimo cha pili kilikuja Agosti 1914. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, mmisionari Mjerumani katika eneo la Mwingereza aligeuka raia wa nchi adui, na njia ya sadaka kutoka Neukirchen ikakatika. Amani iliporudi, sarafu ya Ujerumani iliporomoka hadi, kufikia mwaka 1923, akiba ya maisha haikutosha kununua mkate. Kisha mwaka 1939 vita ya pili ikawageuza tena raia wa nchi adui. Mwishowe makanisa ya Tana yaliingia chini ya Kanisa la Methodisti, nalo ndilo linaloyatunza mpaka sasa.

Mara mbili, basi, mkono uliotoa ulizuiwa kabisa, na kanisa la Wapokomo halikufa. Walibaki walimu wao, wazee wao, mazao yao na vitabu katika lugha yao. Sadaka ikatoka shambani. Mtu mwenye mpunga akaleta mpunga, mwenye kuku akaleta kuku. Desturi hii inajulikana katika makanisa ya vijijini kote Afrika Mashariki: asiye na shilingi huleta yai au mkungu wa ndizi, na baada ya ibada vitu hunadiwa uwanjani, mnunuzi akilipa zaidi ya bei ya soko kwa sababu anajua fedha inakwenda wapi. Yai la mjane hununuliwa kwa heshima ile ile ya gunia la tajiri, na pengine kwa heshima zaidi.

Waliopewa ndio watoaji

Mtume Paulo alikutana na jambo hili katika karne ya kwanza. Waumini wa Yerusalemu walipokuwa na njaa, aliyahimiza makanisa ya Wagiriki yawachangie. Mfano aliowapa watu wa Korintho haukuwa wa jiji la matajiri bali wa makanisa ya Makedonia, yaliyokuwa katika umaskini mkubwa na mateso, na ambayo hata hivyo yaliomba yasinyimwe nafasi ya kutoa. Paulo hakusema Wamakedonia ni watu wema kuliko wengine. Alisema neema ya Mungu imewafikia, na kutoa kwao ni dalili ya kufika kwake. Akakataa pia kuweka amri: kila mtu aamue moyoni, asitoe kwa huzuni wala kwa kulazimishwa, kwani Kristo mwenyewe, aliyekuwa tajiri, akawa maskini kwa ajili yao.

Injili ya Luka inasimulia kisa cha Zakayo, mkubwa wa watoza ushuru wa Yeriko. Yesu hakungoja arudishe alichowatoza watu ndipo aingie nyumbani kwake. Aliingia kwanza, na kuingia kwake ndiko kulikomfanya Zakayo asimame, agawe nusu ya mali yake kwa maskini, na kuahidi kuwarudishia mara nne aliowadhulumu. Mtu aliyezoea kukusanya kwa nguvu aligeuka mtoaji bila kushikwa na askari hata mmoja. Kwa watu wa visiwa vya Lamu, ambao mababu zao walilipa mithkali kwa watu waliojiita Wakristo, kisa hiki kina uzito wa pekee. Laiti Wareno wangemleta Zakayo yule, historia ya pwani ingekuwa na sura nyingine.

Wakristo wa Kaunti ya Lamu leo wengi wao hawakai visiwani. Tangu miaka ya 1970 mpango wa makazi wa Ziwa Kenyatta, kandokando ya Mpeketoni, uliwaleta wakulima wengi kutoka bara, baadhi yao wakiwa Wakenya waliorejea kutoka Tanzania. Walifyeka msitu, wakapanda pamba, mikorosho na mahindi, na makanisa yao wakayajenga kwa harambee. Mpango huo uliacha pia malalamiko ya wenyeji kuhusu ardhi, na hayo hayafutwi kwa kujenga makanisa. Anayejua kwamba amepewa hawezi kumfumbia macho jirani anayeona amenyang'anywa.

Usiku wa Juni 15, 2014, wauaji waliingia Mpeketoni, na katika siku mbili watu zaidi ya 60 wa eneo hilo waliuawa. Mwezi uliofuata Hindi nayo ikavamiwa. Viongozi wa Kiislamu na wa Kikristo walisimama pamoja kulaani mauaji hayo, na makanisa yalijikuta yakiwasaidia waliokimbia makwao, huku baadhi ya waliotoa wakiwa wenyewe wafiwa. Kutoa kwa namna hiyo hakuelezeki kwa hesabu za faida. Mtu aliyeporwa ana haki yote ya kufunga mkono. Akiufungua, anashuhudia kwamba kuna alichopewa ambacho panga na bunduki haviwezi kukichukua.

Kwa hiyo mahubiri yanayoigeuza sadaka kuwa kodi, ya leta upone, leta ubarikiwe, usipoleta utalaaniwa, yanaturudisha kwenye gati la Lamu siku ya mithkali 600. Yanajaza kapu na kuua mzizi, na pwani hii imekwisha kuona mwisho wake. Mchungaji anayetaka kanisa litakalosimama siku misaada itakapokatika, na siku hiyo huja, ana kazi moja kubwa kuliko kutangaza michango: kuwahubiria watu alichowatendea Mungu kabla hawajatoa chochote. Waliolielewa hilo hawahitaji kusukumwa. Ngao ilikatiwa misaada mara mbili, na mara zote mbili waumini wake walileta mpunga.